Je, wajua kwa nini shamba lililolimwa likalainika ndilo huota magugu mengi zaidi?

Shemeji yangu anaishi Michigan, Marekani, na kila mwaka hupanda nusu ekari ya mazao ambayo hana mpango wa kuyala. Ni ya kulungu mkia-mweupe. Wawindaji wengi wa huko hufanya hivyo: wanatenga kipande pembeni mwa msitu, wanapanda klova (mmea mdogo wa malisho), figili au rai, ile nafaka iliyo ndugu wa ngano, na msimu wa bunduki unapofunguliwa tarehe 15 Novemba wanyama wameshazoea kupita hapo. (Si kulungu wetu, kwa njia. Hawa dume zao hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine.)

Mara ya kwanza nilikwenda kumsaidia mwezi Mei. Tulikodi trekta dogo lenye haro ya diski, yaani safu ya sahani za chuma zinazokata na kugeuza udongo, tukapita mara tatu, udongo ukawa laini kama unga wa sembe. Kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye jembe la mkono, lile lilikuwa shamba la kupigia picha. Wiki kadhaa baadaye mchicha pori ulikuwa umefika magotini na klova ilionekana kwa kutafutwa. Nikalaumu mfuko wa mbegu. Kisha nikalaumu upepo. Kisha ndege.

Agosti, jirani mmoja mzee akapanda lake bila kugusa udongo. Aliingia katikati ya majani yaliyomfika kiunoni, akawa anarusha klova na rai kwa mkono, kisha akapita na mashine ya kufyekea ili majani yaiangukie mbegu. Aliwahi kabla ya mvua. Nilimwona kama anayelisha kunguru. Lake likatoka safi kuliko letu. Kusema haki, ulinganisho wenyewe una kasoro: mwezi Mei magugu ndiyo kwanza yana nguvu, na Agosti mengi yameshachoka. Lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kuelezwa na kalenda peke yake.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba kulima huua magugu. Huyaua, ndiyo, yale yaliyosimama. Sikuwa nimefikiria yale ambayo bado ni mbegu. Mchicha pori mmoja uliostawi unaweza kumwaga mbegu zaidi ya laki moja, na sehemu yake hufukiwa na kulala humo miaka. Kwa hiyo magugu yetu hayakuletwa na upepo wala ndege, na mfuko wa mbegu haukuwa na hatia. Yalikuwepo chini ya miguu yetu siku tuliyopiga picha.

Mbegu zinaweza kulala muda gani? Jibu maarufu liko Michigan hiyo hiyo. Mwaka 1879, mtaalamu wa mimea William James Beal alichanganya mbegu na mchanga wenye unyevu, akazijaza katika chupa 20, akazifukia midomo ikitazama chini ili maji yasiingie. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 ilikuwa na mbegu zilizoota baada ya miaka 142. Na watafiti waliichimba gizani, kabla ya mapambazuko, wakitumia taa za kijani hafifu. Si kwa kupenda mambo ya kichawi. Walihofia mwanga wa jua usiziamshe kabla ya wakati.

Hapo ndipo penye utamu. Mbegu nyingi ndogo zina swichi inayoitwa fitokromu. Mwaka 1952 watafiti wa serikali ya Marekani huko Beltsville, Maryland, waliichezea kwa mbegu za saladi: mwanga mwekundu ukaziwasha, mwanga mwekundu wa mbali, ule ulio ukingoni mwa uwezo wa macho yetu, ukazizima. Wekundu, wa mbali, wekundu, wa mbali. Wakazimulika hivyo kwa zamu, na kilichoamua kama zitaota ni mmuliko wa mwisho tu. Ni kama taa ya chumbani: hata watoto waichezee mara ngapi, kinachohesabika ni kidole cha mwisho.

Sasa fikiria jani bichi kama chujio la chai. Linabakiza mwanga mwekundu kwa matumizi yake na kuacha ule wa mbali upite. Mbegu iliyo chini ya kivuli cha majani hupata machicha ya mwanga, na swichi husoma: juu kuna wenye nyumba, endelea kulala. Iliyofukiwa haisomi chochote, kwa kuwa mwanga huingia ardhini milimita chache tu. Ila kukaa gizani huzifanya baadhi kuwa nyepesi kuamka mno, kiasi kwamba sehemu ndogo ya sekunde ya jua yatosha. Diski ya haro ikigeuza udongo, mbegu inaonja jua, swichi inawaka, kisha inafukiwa tena ikiwa macho. Tulipita mara tatu. Yaani tulibisha hodi mara tatu.

Klova ya mzee haikuhitaji kufukiwa. Kilo moja huweza kuwa na mbegu zaidi ya milioni; kila moja imebeba chakula kidogo sana, na ukiizamisha sentimita tano itaishiwa nguvu njiani. Majani yaliyofyekwa yaliitunzia unyevu, basi.

Usiuze trekta lako bado. Magugu yanayochipuka kwa mizizi hayajali swichi hiyo, na bila kulima huweza kuzidi. Ndiyo maana wengi hupiga dawa kwanza. Mvua ikikosekana, mbegu iliyo juu hufa au huliwa. Na udongo ulioshindiliwa kama sakafu haulainiki kwa kufyeka.

Shemeji aliponisikiliza akauliza kama basi tungelima usiku, taa za trekta zikiwa zimezimwa. Wajerumani wawili, Hartmann na Nezadal, walilichapisha wazo hilo mwaka 1990, na kwao magugu yalipungua sana. Waliojaribu baadaye mahali pengine walipata matokeo ya kila aina, mengine hafifu kabisa. Alifikiri kidogo, akatazama visiki pembeni mwa shamba lake, akaenda kuazima mashine ya mzee.