Kizibo cha sikio kinachovuliwa kila fomeni anapoita

Ninapokwenda kupima kelele kwenye majengo yanayoinuka jijini Kampala, wasimamizi huniuliza kwanza wanunue vizibo vya masikio vya aina gani. Mimi huwauliza vile walivyonunua mwaka jana vilivaliwa kwa muda gani, kwa sababu vingi ninavyovikuta vinaning'inia shingoni.

Hesabu ya kuvivua ni kali kuliko wengi wanavyodhani. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imependekeza desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kuwa ukomo wa kelele kwa zamu ya saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, hata ikifika desibeli 100, ambazo grinda ya kukatia vyuma au mashine ya kuvunjia zege huzifikia kwa urahisi, fundi amebakiwa na dakika 15 tu. Tuseme anafanya kazi penye desibeli hizo 100 kwa saa 8, akiwa na kinga inayopunguza 30. Akiivaa muda wote, sikio linapokea 70. Akiivua kwa nusu saa tu, wastani wa siku nzima unapanda hadi 88, yaani kinga ya desibeli 30 imefanya kazi ya 12, na ukomo umeshavukwa.

Nusu saa hiyo hujikusanya kidogo kidogo: fomeni ameita, simu imelia, kibarua ameleta ujumbe kutoka chini. Siwalaumu, maana kwenye ghorofa asiyesikia onyo la tofali linaloanguka anaweza kufa leo hii. Kwa hiyo hupendekeza kinga inayoshusha kelele hadi desibeli 75 au 80 sikioni, wala si ile yenye namba kubwa kuliko zote dukani, kwa kuwa fundi aliyezibwa kupita kiasi ndiye wa kwanza kuivua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na ulinzi huo unapaswa kuanzia kwenye mashine. Jenereta ikisogezwa mbali mara mbili, mahali pa wazi, kelele yake hupungua kwa takriban desibeli 6, na gharama ni waya mrefu zaidi tu.

Chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Upotevu huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, hivyo fundi husikia kwamba mtu anazungumza huku herufi kama s, f na sh zikimponyoka, naye hudhani wenzake wananong'ona. Usikivu wake upimwe asubuhi kabla mashine hazijawashwa, akiwa amekaa mbali na kelele kwa saa 14 hivi, kwani sikio lililochoka kwa kelele za mchana hutoa majibu mabaya kuliko hali yake halisi.