Nakala rudufu ni nini, nyumba ikiwa na kompyuta kadhaa?

Nakala rudufu ni nakala ya faili inayonusurika na janga lililoangamiza ile ya kwanza. Picha za arusi ulizozinakili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya laptopu ileile hazihesabiki. Diski ikifa, zimekwenda zote. Fleshi inayolala kwenye mkoba mmoja na laptopu nayo haihesabiki, maana mwizi habagui.

Tuseme nyumba iko Kisauni, Mombasa: laptopu ya baba ya kazini, ya mama yenye hesabu za duka, ya kijana aliye chuoni, na kompyuta ya mezani ya watoto. Wengi hudhani kila mashine yataka diski yake, bei inawatisha, mpango unafia hapo. Hapana haja. Windows na programu huwekwa upya, na filamu za kupakua, aghalabu, hakuna atakayezililia. Ukishaziondoa hizo, yanayobaki hutosha kwenye diski moja ya nje ya terabaiti 1 au 2, kila mtu na folda yake. Kwa kunakili faili zenyewe, Windows ina programu ya File History na Mac ina Time Machine, zote bila malipo ya ziada, ila Mac hutaka itengewe sehemu yake ya diski.

Panapochanganya watu zaidi ni hifadhi za mtandaoni kama Google Drive na OneDrive. Kazi yake kubwa ni kuzifanya faili zilingane kila mahali. Ukifuta faili kwenye laptopu, na kule inafutika. Google Drive huiacha kwenye pipa la taka siku 30, kisha haipo. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia hupita njia hiyohiyo, na hufunga hata diski iliyochomekwa. Kwa hivyo diski ya nakala huchomolewa kazi ikiisha. Kwetu kuna sababu ya pili: stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, diski iliyo kabatini haiguswi. Itie kwenye mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vijavyo na viatu, kwani hewa ya chumvi hula chuma cha milango ya USB.

Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu ukihesabu na ya asili, aina mbili za hifadhi, moja ikae nje ya nyumba. Hiyo ya nje ndiyo ghali ukiipeleka mtandaoni. Gigabaiti 300, kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua karibu siku tatu mfululizo, na Google hutoa gigabaiti 15 tu za bure. Mimi ningenunua diski ya pili, ikae kwa shangazi Likoni, ng'ambo ya feri, zibadilishane kila mwezi. Moto wa Kisauni hauvuki feri. Ifunge kwa nywila kupitia VeraCrypt, programu ya bure ya kufunga diski, na nywila iandikwe karatasini, iwekwe mbali na diski. Ukiisahau, hakuna fundi atakayekufungulia.

Kisha mara mojamoja chukua faili moja kutoka diski hiyo uifungue kwenye kompyuta nyingine. Isipofunguka, bado huna nakala.