Chanzo kingine cha mapato: mikeka

Fomu yetu ya mkopo ina kisanduku kinachouliza kama mwombaji ana chanzo kingine cha mapato. Zamani watu waliandika kuku, mpunga, chumba cha kupangisha. Wiki iliyopita dereva wa bodaboda kaandika humo, kwa mwandiko mzuri kabisa: "mikeka". Hakuwa anatania: alimaanisha mikeka ya kubeti, yaani ubashiri wa mechi kadhaa zilizounganishwa ambapo zote lazima zitiki. Ni wa nne mwaka huu, na ndiye aliyenifanya niandike haya.

Dawati la mikopo la saccos yetu, hapa Morogoro, nimelikalia miaka 11. Waongo nimewazoea. Huyu hakuwa mwongo, na ndiyo maana alinichosha zaidi.

"Unaingiza kiasi gani kwa mwezi, mdogo wangu?"

"Haikosi laki tatu, dada. Mwezi uliopita mkeka mmoja tu nimekula laki nne."

"Na ulikuwa umeweka ngapi?"

"Buku buku tu, dada."

Shida yote iko kwenye hizo buku buku. Laki nne ina tarehe, ina picha kwenye simu, ina mashahidi walionunuliwa chipsi kuku kijiweni. Buku iliyoliwa Jumanne saa nne usiku haina shahidi. Nikamwambia achukue taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, tuipitie kwa kalamu mbili: nyekundu kwa pesa iliyokwenda kubeti, bluu kwa iliyorudi. Bluu ilipata mistari sita, jumla 612,000. Nyekundu ilichafua kurasa nne, na tulipomaliza kujumlisha ikasoma 1,038,500. Akakaa kimya, kisha akasema huenda mtandao umekosea. Tukajumlisha tena. Kumbe kila mwezi alikuwa anatoa zaidi ya 140,000 mfukoni ili aendelee kujiona mtu mwenye kipato cha pili.

Na hapo tumehesabu pesa iliyovuka kati ya simu na akaunti ya kubeti tu. Ile aliyoshinda akaiweka tena bila kuitoa haionekani popote.

Kipato ni kitu ambacho ukikitumikia zaidi kinakua. Ukibeba abiria 20 badala ya 10, jioni unarudi na zaidi. Kubeti kunakwenda kinyume: mara moja unaweza kupata, mara 1,000 hasara inakaribia kuwa ya hakika. Sababu yake haihitaji uchawi wala wizi wa kampuni. Chukua mechi ambayo kila upande una nafasi nusu kwa nusu, mfano ile ya kubashiri kama mabao yatazidi mawili au la. Bei ya haki hapo ni odi 2.00, yaani ukiweka 1,000 ukashinda unapokea 2,000. Utakayopewa ni 1.90 au chini yake. Hiyo 0.10 ndiyo mshahara wa kampuni, nayo imeshajilipa kabla refa hajapuliza filimbi.

Sasa panga mechi 10 za namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Odi zinazidishana hadi karibu 613, yaani buku inaahidi kukupa 613,000, na mate yanakutoka. Lakini matokeo ya mechi 10 yanaweza kujipanga kwa namna 1,024, na wewe umechagua moja. Kwa wastani utaweka 1,024,000 ili upate 613,000, tena kabla kodi ya zuio haijakatwa kwenye ushindi. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo ile tozo ndogo ya kila mechi inavyorundikana. Ndiyo maana kampuni zinakupa bonasi ukiongeza timu. Hakuna muuza duka anayekupa nyongeza kwenye bidhaa inayomtia hasara.

Kuna na lile la "timu moja tu imenichania". Hili nalisikia kila wiki, na kila anayelisema anaamini amekaribia. Kwenye mkeka wa mechi 10 kama ule, namna za kukosa timu moja ni 10, namna ya kushinda ni moja. Kwa hiyo kuchaniwa na timu moja kutakupata mara 10 zaidi ya kula. Si dalili kwamba unaiva, ndivyo mikeka ilivyo.

Ushauri wangu ni uleule, na wenzangu ofisini wamenichoka nao: nunua daftari la mistari, piga safu mbili, umeweka na umepokea. Andika palepale, hata mia tano. Usiandike "nimekula", andika umepokea ngapi. Miezi miwili inatosha. Sijaona mtu aliyeniletea daftari lililojazwa kwa uaminifu huku bado anaita kubeti kazi. Nimeona wengi waliolitupa wiki ya pili.

Mengine ninayoambiwa na wanaobeti nitayapitia haraka.

"Mimi naujua mpira, sibahatishi." Mimi ni Yanga tangu tumboni, kwa hiyo usinifundishe uchungu wa mpira. Unalojua kuhusu majeruhi na kocha mpya limeshaingizwa kwenye odi na watu wanaolipwa kulijua kabla yako. Kumtambua atakayeshinda si kazi. Kazi ni kukuta bei iliyokosewa, tena iliyokosewa kwa kiasi kinachozidi tozo yao.

"Naweka za uhakika tu, odi ndogo ndogo." Timu tano za 1.20 zinafika karibu 2.49. Tuseme kila moja itashinda mara 8 katika kila 10, na huo ni ukarimu. Zote tano kushinda kwa pamoja ni takriban mara moja katika tatu. Weka 10,000 mara tatu, ni 30,000, utapokea 24,900. Uhakika uko wapi?

"Nikiliwa naongeza dau mara mbili, lazima nirudishe." Anza na buku, uliwe mara nane mfululizo: zimeshakwenda 255,000, na dau la tisa ni 256,000, ili mwisho wa yote, tena kwa odi ya haki ya 2.00, upate faida ya shilingi 1,000. Wanaosema mara nane mfululizo haitokei waulize waliokuwa Monte Carlo tarehe 18 Agosti 1913, ambapo ruleti iliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo huku watu wakimwaga mamilioni kwenye nyekundu kwa sababu "zamu yake imefika". Gololi haikumbuki ilipoangukia mwanzo.

"Kindege hakina mpira, ni kuwahi kutoa tu." Huo ni mchezo wa Aviator: kindege kinapaa na odi inapanda, usipotoa pesa kabla hakijatoweka umeliwa. Wenye mchezo wenyewe wanatangaza kwamba unarudisha asilimia 97. Inasikika kama ukarimu hadi ukumbuke kwamba raundi moja ni sekunde chache. Weka buku mara 200 na umeshazungusha laki mbili. Asilimia tatu yake ni 6,000, hela ya mafuta ya pikipiki, imeondoka kabla chai haijapoa. Mpira angalau unakupa dakika 90 za kupumua.

"Kuna jamaa Telegram anauza mechi zilizopangwa, ashanipa tano zikatiki." Anao watu 800. Nusu anawaambia nyumbani watashinda, nusu anawaambia hawatashinda. Wanaobaki na jibu sahihi ni 400, kisha 200, 100, 50, 25. Hao 25 wameona miujiza mitano na sasa wako tayari kulipa. Wewe ni mmoja wao. Wale 775 wameshamblock, huwezi kuwasikia.

"Ni nidhamu tu, si ugonjwa." Kwa wengi, ndiyo, ni tabia. Kwa wengine ni ugonjwa: Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, kundi moja na uraibu mwingine. Ukishaficha simu, ukishauza kitu cha ndani na kusema kimeibwa, daftari langu halikufai. Nenda kitengo cha afya ya akili hospitalini. Usingoje kuletwa na ndugu.

Limebaki lile linalogusa kiti changu moja kwa moja: "Nipe mkopo nirudishe zilizoliwa, halafu naacha." Pesa iliyoliwa haiko mahali ikikungoja. Anayeomba kwa hilo hapa kwetu nikamnyima, kesho namsikia yuko kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, pikipiki imewekwa rehani, na mke anajulishwa na wadai. Bado namnyima.

Yule dereva alirudi Jumatatu. Amekata "mikeka" kwa mstari mmoja, kaandika juu yake "kupeleka wanafunzi shule asubuhi, watoto 5". Nimemwambia alete majina ya wazazi watatu niwapigie. Kiasi alichoomba nimekipunguza kwa nusu, na hajafurahi.