Ulimi na Kinyesi Cheusi Baada ya Kutumia Dawa ya Bismuthi

Malalamiko yanayojirudia kwenye dawati letu la taarifa za dawa ni ya wananchi waliomeza vidonge vyenye bismuthi (aina ya metali) kwa ajili ya tumbo, wakaamka asubuhi ulimi mweusi kama uliopakwa masizi na kinyesi cheusi vilevile, wakahitimisha kuwa wameuziwa dawa bandia. Mmoja alifika mapokezi na pakiti iliyobaki vidonge viwili vya rangi ya waridi, akatutolea ulimi kabla hata ya salamu.

Bismuthi inapokutana na salfaidi ya hidrojeni, gesi inayotengenezwa na bakteria wa kinywani na utumboni, hutokea salfaidi ya bismuthi, ambayo ni nyeusi na haiyeyuki majini. Weusi huo hauna madhara na huondoka siku chache baada ya kumaliza dawa. Kidonge kisicho na bismuthi ndicho ambacho kingeshindwa kuuleta, na hili tumelieleza mara nyingi kuliko tunavyopenda.

Hata hivyo, isieleweke kwamba kila kinyesi cheusi ni cha kupuuzwa. Kidonda cha tumbo kinachovuja damu hutoa kinyesi cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali isiyo ya kawaida. Mwenye dalili hiyo, au anayetapika damu, au anayesikia kizunguzungu akisimama, aende hospitali siku hiyohiyo na amwambie daktari kuwa anatumia bismuthi.

Wapo pia wanaosoma kwamba bismuthi, yenye namba atomia 83, imekaa jirani na risasi, metali yenye sumu yenye namba 82, wakaingiwa na hofu. Ujirani wa kwenye jedwali la elementi si undugu wa sumu. Chumvi za bismuthi zinazotumika katika tiba haziyeyuki kwa urahisi, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni chini ya asilimia 1. Ndiyo maana viwanda huitumia kuchukua nafasi ya risasi katika baadhi ya metali za kulehemu vifaa vya umeme na katika rangi ya njano ya vanadati ya bismuthi. Usalama huo una mpaka: Ufaransa, katika miaka ya 1970, watu karibu 1,000 waliokuwa wakimeza chumvi za bismuthi kwa wiki, miezi na hata miaka walipatwa na kuchanganyikiwa, kutetemeka na kushindwa kutembea. Wengi walipona baada ya kuacha, wengine walifariki. Katika tiba ya Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo, bismuthi hutolewa pamoja na antibiotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 10 hadi 14, basi. Kuongeza pakiti nyingine kwa sababu “tumbo bado linaunguza” si tiba.

Bismuthi iliyoungana na salisilati, kemikali ya jamii ya aspirini, haifai kwa mwenye mzio wa aspirini, kwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), wala kwa mtoto au kijana mwenye mafua au tetekuwanga.

Mwenye shaka na dawa asiitupe. Atunze pakiti na risiti, aandike jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, siku aliyoanza kumeza na dawa nyingine alizotumia, kisha awasilishe taarifa kituo cha afya au ofisi ya kanda ya mamlaka ya dawa. Pakiti iliyokatwa pembeni, namba ya toleo ikaondoka, hutupunguzia sana uwezo wa kufuatilia. Kwa upande wa wauzaji, Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, Sura ya 219, inakataza kuuza dawa isiyosajiliwa. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na shehena huteketezwa kwa gharama za mwenye mali. Mwenye duka la dawa muhimu, yaani duka lenye kibali cha kuuza dawa za orodha maalumu tu, anayeuza dawa zilizo nje ya orodha hiyo anaweza kusimamishiwa kibali au kufutiwa kabisa, hata kama dawa yenyewe ni halali na mteja ndiye aliyeisisitiza.