Kushona Kwanza, Marinda Baadaye

Sisi tunaotunza mavazi katika makumbusho huulizwa mara kwa mara kama nguo za wabunifu wa Kijapani waliovunja kanuni ni za kuvaliwa au za kutazamwa tu. Ni za kuvaliwa, na ushahidi mzuri kuliko wote ni marinda ya Issey Miyake.

Kwa kawaida kitambaa hutiwa marinda kwanza, ndipo fundi akakikata na kukishona. Miyake aligeuza utaratibu huo. Nguo ilikatwa na kushonwa ikiwa kubwa karibu mara tatu ya kipimo kinachotakiwa, ikawekwa katikati ya karatasi, kisha ikapitishwa kwenye mashine yenye joto kali. Poliesta ikikunjwa na kubanwa katika joto hilo hushika umbo, na kufuliwa hakuliondoi. Nguo hutoka imesinyaa hadi saizi ya mtu, lakini hutanuka popote mwili unapojongea. Haihitaji pasi, na ukisafiri unaiviringisha tu na kuitia mkobani. Wacheza dansi wa mtunzi wa dansi William Forsythe huko Frankfurt, Ujerumani, walivaa nguo za aina hiyo mwaka 1991. Miaka miwili baadaye ikaanza chapa yake ya Pleats Please.

Kwa maoni yangu, huo ndio uasi wenyewe: kuacha kumlazimisha mvaaji aifuate nguo.

Wabunifu wawili wenzake Miyake, Rei Kawakubo wa chapa ya Comme des Garçons na Yohji Yamamoto, walionyesha kazi zao Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Mitindo ya wakati ule ilipenda mabega mapana na rangi kali. Wao walileta nguo nyeusi, pana, zisizolingana kushoto na kulia. Mwaka 1982 Kawakubo alitoa sweta jeusi lenye matundu makubwa, kana kwamba limeliwa na nondo. Matundu yale yalipangwa: skrubu za mashine ya kufuma zililegezwa ili iachie nyuzi hapa na pale. Baadhi ya waandishi wa Magharibi waliziita nguo hizo za Hiroshima, neno la kuumiza, hasa ukikumbuka kwamba Miyake alizaliwa mji huo mwaka 1938 na alinusurika bomu la atomiki lililoangushwa huko akiwa na miaka 7. Hakupenda kuitwa mbunifu wa bomu, na kwa miaka mingi hakulizungumzia hadharani.

Lakini wanafunzi wa ubunifu walikuwa wakitazama. Mbelgiji Martin Margiela, aliyeanzisha nyumba yake ya mitindo mwaka 1988, aliendeleza njia hiyo kwa kuanika bitana, mishono na nyuzi zinazoning'inia. Leo koti ambalo mshono wake umegeuzwa nje au pindo lake limeachwa bila kukunjwa linauzwa katika maduka ya kawaida, na hakuna mteja anayelirudisha akidhani fundi hakumaliza kazi.