Je, wajua kwa nini "ndoo" ya Lamu huzua mabishano mitandaoni?

Mtu wa Lamu akiandika mtandaoni "ndoo uone", yaani njoo uone, hakosi kuulizwa na mtu wa mbali kama ndoo hiyo ni ya maji au ya unga. Atokee mwingine amwambie ajifunze Kiswahili sahihi, naye Mwamu ajibu kwamba Kiswahili hicho amezaliwa nacho. Kufikia jioni watu wameshatukanana.

Ukweli ni kwamba Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, kina kanuni zake, wala hazibahatishwi. Mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina ch, Kiamu kina t: macho ni mato, nchi ni nti, mchanga ni mtanga. Nj huwa nd, kwa hiyo njia ni ndia na njaa ni ndaa, na ndiyo asili ya ile "ndoo" iliyochekwa. J nayo aghalabu huwa y, kama katika kuya, moya na yana. Tena t ya mato hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa meno, tofauti na t nyingine ya Kiamu, ila tahajia ya kawaida huziandika zote kwa herufi moja. Msomaji asiyewahi kuisikia sauti hiyo huona herufi iliyokosewa tu.

Wazo la kwamba lahaja ni kosa lina historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyosimamia tahajia na vitabu vya shule. Kiunguja kilikuwa kimeshaenea bara kwa njia za misafara ya biashara, hivyo uchaguzi huo ulikuwa na sababu. Lakini ulikuwa uamuzi wa matumizi, si hukumu kwamba Kiamu kimeharibika. Shule ndiyo iliyougeuza kuwa hukumu, kwa kuwa mtoto aliyeandika "nti" alikatwa alama.

Lililo ajabu (na mimi hulitazama kwa kicheko kidogo) ni kwamba anayeikejeli "mato" katika maoni ya mtandaoni huenda akaistahi akiikuta katika shairi, kwani kwa muda mrefu Kiamu kilikuwa lugha ya ushairi, na hata washairi wa Mombasa walikopa maumbo yake. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, alichota katika lahaja za pwani alipokuwa akiunda istilahi mpya, na jina lake huhusishwa na maneno runinga na tarakilishi (kompyuta).

Zamani lahaja iliishi barazani, pale uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu, ambapo msemaji na msikilizaji walijuana. Mtandaoni husomwa na wageni, na msomaji asiye na upande huishia kuamini kile kilichorudiwa mara nyingi zaidi. Kijana anayechekwa kila aandikapo hujifunza kuficha lugha ya nyumbani. Yule anayekuta wenzake wakiiandika bila haya huona ni fahari. Na wapo waliochoka kusahihishwa, ambao sasa hurekodi ujumbe wa sauti badala ya kuandika, ili ile t ya meno isikike yenyewe.