Mtoto wa jicho si wa aina moja: maswali kutoka mabenchi ya kliniki, Mbeya mpaka Iringa

Maswali haya huulizwa karibu kila siku kwenye kliniki za macho huku Nyanda za Juu Kusini, mengi yakiulizwa na wanaowasindikiza wagonjwa. Yameachwa yalivyo. Kubwa kuliko yote ni la kusubiri mtoto wa jicho "akomae". Nimeliweka chini kwa makusudi, maana halijibiki vizuri kabla hujajua uliye naye ni wa aina gani.

Mtoto wa jicho anakaa wapi hasa?

Ndani. Wengi wanadhani ni utando ulioota juu ya jicho, ukikwanguliwa basi yameisha. Sivyo. Nyuma ya mboni, kile kitundu cheusi cha katikati, kuna lenzi ya kuzaliwa nayo yenye upana wa milimita 9 hadi 10. Kazi yake ni kupitisha mwanga na kuulenga nyuma ya jicho. Lenzi hiyo ikiingia ukungu, huo ndio mtoto wa jicho.

Ukiwa mtu wa Rungwe au Njombe, fikiria parachichi: kokwa katikati, nyama, halafu ngozi. Lenzi nayo ina kiini, tabaka la nyama linalokizunguka, na ngozi nyembamba iliyofunika vyote. Ukungu unaweza kuanzia sehemu yoyote kati ya hizo, na madaktari hutaja aina kwa kuangalia ulipoanzia.

Babu alikuwa hasomi bila miwani. Mwaka huu ameivua, anasoma kitabu cha nyimbo kanisani bila shida. Macho yamepona?

Hayajapona. Huyo kuna uwezekano mkubwa ana mtoto wa jicho wa kiini, aina inayowapata zaidi wazee. Kiini kinakuwa kigumu, kinageuka njano, baadaye kahawia, na kadiri kinavyokuwa kigumu ndivyo kinavyopinda mwanga kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana maandishi ya karibu yanamjia vizuri huku ya mbali yanapotea. Mjaribu: akiwa amekaa barazani, anamtambua mtu anayepita barabarani kabla hajasalimia? Utaona pia rangi zinamchanganya, hasa bluu, ambayo kwake imefifia.

Nafuu hiyo ya kusoma ni ya muda tu. Aina hii huenda polepole, hata miaka, na mwanzoni kubadilisha miwani ya mbali humsaidia. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana naye hospitali usiku. Ila apimwe.

Nina miaka 41, naendesha lori Tunduma hadi Dar. Usiku nikiwa Kitonga taa za wenzangu zinanipofusha kabisa, na jua la mchana nalo linanisumbua. Mtoto wa jicho si wa wazee?

Wengi wao ni wazee, lakini dalili zako zinafanana sana na aina ya tatu, ile inayoota nyuma kabisa ya lenzi, ikigusa ngozi ya nyuma. Hii haichagui umri na huenda haraka, pengine kwa miezi tu.

Ukungu wake ni mdogo lakini umekaa pabaya, katikati ya njia ya mwanga. Ukiwa juani mboni inajibana, mwanga wote unalazimika kupita hapo hapo penye doa. Ukiingia kivulini mboni inafunguka na unaona afadhali. Usiku taa ya gari inapiga lile doa na kutawanyika, unabaki na weupe mtupu mbele yako. Kusoma pia kunakuwa shida, kwa sababu mboni hujibana tunapotazama karibu.

Hapa kuna mtego. Kwenye chumba cha vipimo chenye mwanga hafifu unaweza kusoma chati hadi mistari ya chini, ukaambiwa uko sawa, ukaondoka. Usinyamaze. Sema habari ya taa na jua, mara mbili ikibidi. Utapimwa sukari, kwa kuwa kisukari ni sababu mojawapo, na utaulizwa kama uliwahi kuugua uvimbe wa ndani ya jicho. Na mpaka upate majibu, safari za usiku mwachie mwenzako.

Kliniki wananiuliza pia dawa nilizotumia. Matone ya macho yana uhusiano gani na hili?

Mkubwa, na kwa kweli ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote. Kuna matone yenye dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni, mara nyingine yakichanganywa na antibiotiki ndani ya chupa moja. Mtoto mwenye aleji ya macho, yale macho yanayowasha na sehemu yake nyeupe kuwa ya kahawia, akiwekewa anapata nafuu siku hiyo hiyo. Mzazi anafurahi, anaitunza chupa, ikiisha anarudi duka la dawa na kununua nyingine. Inapita miezi, inapita miaka. Mwisho wake ni mtoto wa jicho kwa kijana wa sekondari, au presha ya macho, au vyote viwili.

Dawa yenyewe si mbaya, madaktari wa macho wanaitumia kila siku, baada ya upasuaji pia. Ubaya ni kuitumia bila mtu wa kukufuatilia. Wanaomeza vidonge vya jamii hiyo kwa pumu au maungio wasiache ghafla kwa kusoma haya, kuacha ghafla kuna hatari zake. Wamwambie daktari, na macho yapimwe.

Na aina inayoanzia kwenye "nyama"?

Huanzia pembeni kwa mistari myeupe inayoelekea katikati. Muda mrefu mtu hajui kitu, kwa sababu pembeni hapo pamefichwa nyuma ya ile duara yenye rangi inayozunguka mboni. Mistari ikifika katikati taa zinaanza kuchanika-chanika, au jicho moja linaona vitu viwiliviwili.

Aina hii inahusishwa na mionzi ya jua, na hapo baridi ya huku inatudanganya. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Unaweza kuwa umevaa koti na bado jua linakufanyia kazi. Kofia yenye ukingo mpana shambani inasaidia. Sigara haisaidii, wala moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Wazee wengi, hata hivyo, wana mchanganyiko wa aina mbili au zote tatu.

Mjukuu wangu ana miezi miwili, nikimtazama naona weupe katikati ya jicho. Nisubiri akue?

Mama, usisubiri hata wiki. Kuna watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho, kwa kurithi au kwa sababu mama aliugua rubela akiwa mjamzito. Ubongo wa mchanga hujifunza kuona katika wiki na miezi ya kwanza. Jicho lisipoleta picha safi wakati huo, ubongo unaliacha, na ukija kulisafisha akiwa na miaka saba uoni haurudi wote. Kwa ukungu mzito, upasuaji unatakiwa ndani ya wiki chache tangu kuzaliwa. Mzee wa miaka 70 anaweza kusubiri msimu wa mavuno upite. Kichanga hawezi.

Sababu ya pili ya haraka: weupe huo huo unaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, na hiyo inaua. Kituo cha afya kiandike rufaa. Upasuaji wa watoto hufanywa kwa dawa ya usingizi, na familia nyingi za huku huishia kwenye hospitali kubwa kama CCBRT, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Kuhusu rubela, Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua-rubela mwaka 2014, watoto huipata wakiwa na miezi 9 na tena 18.

Kipande cha kuni kilimpiga jichoni akipasua. Mwaka umepita, sasa jicho jeupe.

Huo ni wa jeraha. Wapasua mbao wa Mafinga wanaujua, na watoto wa manati. Huja siku chache au miaka baada ya pigo, kwa kawaida jicho moja tu. Jicho likipigwa sana au likichomwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usilioshe kwa kulisugua, usiweke maziwa, asali wala maji ya majani.

Kila weupe ni mtoto wa jicho?

Hapana. Kinyama kinachotambaa kutoka upande wa pua ni kitu kingine. Kovu jeupe juu ya jicho, la tangu utotoni, nalo ni kingine. Wa kumwogopa zaidi ni presha ya macho, kwa sababu mara nyingi haina weupe wala maumivu. Inakula uoni wa pembeni kimyakimya, na ulichopoteza hakirudi. Aliyepofushwa na mtoto wa jicho huweza kuona tena.

Haya sasa: nisubiri akomae?

Zamani ushauri huo ulikuwa na maana. Lenzi ilitolewa nzima pamoja na ngozi yake, jambo lililokuwa rahisi zaidi ikiwa imekomaa, na mgonjwa akabaki na miwani minene. Mambo yalianza kubadilika pale daktari Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya plastiki jijini London mwaka 1949. Leo mtoto wa jicho hutolewa wakati uoni unapomzuia mgonjwa kufanya shughuli zake, iwe kushona, kuendesha au kutembea bila kujikwaa.

Kungoja kuna gharama. Kiini kinakuwa kigumu na upasuaji unakuwa mgumu zaidi. Lenzi inaweza kuvimba au kuvuja, presha ya jicho ikapanda, ukaletwa na jicho jekundu lenye maumivu makali na kutapika. Akishakuwa mweupe kabisa daktari haoni tena nyuma. Tunabaki na tochi: unaziba jicho moja, tunamulika lile jeupe kutoka juu, chini, kulia, kushoto, unaonyesha kwa kidole mwanga uko wapi. Ukikosea, huenda kuna tatizo nyuma ambalo upasuaji wa lenzi hautaligusa.

Hakuna matone wala vidonge vinavyoyeyusha mtoto wa jicho. Anayekuuzia anakula hela yako.

Upasuaji ukoje, na je, anarudi?

Kwa mtu mzima ni ganzi, uko macho, na mara nyingi haufiki nusu saa. Ukungu unatolewa kupitia mpasuko mdogo, ngozi ya lenzi inaachwa, na lenzi ya plastiki inawekwa ndani yake. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake na matone ya wiki kadhaa. Usilisugue jicho, usiingize maji, kaa mbali na moshi, na ndoo kichwani isubiri. Maumivu yanayozidi au uoni unaoshuka ni sababu ya kurudi mara moja.

Hawezi kurudi kwa kuwa lenzi yenyewe haipo. Ila ile ngozi iliyoachwa inaweza kuingia ukungu baada ya miezi au miaka. Hufunguliwa kwa leza, dakika chache, bila kisu.

Nianzie wapi?

Kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha rufaa ya mkoa au ya kanda pale Mbeya. Kambi za macho zikitangazwa, nenda. Utawekewa dawa ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe, hata bodaboda. Njoo na mtu, na dawa zako zote mfukoni, pamoja na ile chupa ya matone iliyokwisha.